Uhamisho Ndani ya Mabano

Mie nilikuwa nafundisha Maparoni, huko delta kwenye visiwa vya mikoko, na mwanangu akiishi Kibiti. Ukitazama ramani utasema ni hapa na pale, wilaya moja hiyohiyo. Ramani haina haya. Haikuonyeshi kwamba boti haiondoki mpaka maji yajae, na maji hayana habari kama umepewa ruhusa na mwalimu mkuu au hukupewa. Haikuonyeshi kwamba ukishuka botini Nyamisati gari limekwisha kuondoka, na lile linalofuata linasubiri abiria. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa naenda mwisho wa mwezi. Naingia, nalala, naamka, nageuka.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Baba yake ni fundi pikipiki pale Kibiti mjini, mtu wa oili mpaka kwenye nyusi, hajui kusuka nywele wala hakumbuki siku ya kliniki. Aliyemlea ni mama mkwe wangu, na alimlea vizuri, simsingizii mtu. Lakini siku moja nimepiga simu, nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwambia bibi yake: "Mama, yule mama wa simu anataka kuongea." Mama ni bibi. Mie ni mama wa simu. Mume wangu akacheka, mama mkwe akacheka, na mie nikacheka nao mpaka salio likakatika. Halafu nikakaa chini palepale nilipokuwa nimesimama, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Nilipomaliza kulia nikaamua. Januari mtoto anaanza darasa la awali, na Januari hiyo atakayemfunga vifungo vya sare ni mie, si mwingine. Nikamwendea afisa elimu. Hakunipa maneno makali, maskini. Aliniambia tafuta mwalimu wa huku juu anayetaka kwenda Maparoni, mbadilishane vituo, barua zenu nizipate kabla shule hazijafungwa mwezi wa kumi na mbili, nami nitasaini. "Tafuta tu," alisema. Hiyo "tu" yake nilirudi nayo delta nikiitafuna njia nzima. Nani aliyeko penye umeme na soko na chipsi mayai atataka kuja kukaa na mikoko? Huku delta kila mwalimu alikuwa anatafuta njia ya kutoka.

Pa kutafutia palikuwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye orodha yetu ya barua pepe. Mtu ukijiunga, unaandika barua moja na inamfikia kila mwalimu aliyemo, na akijibu mmoja wote wanaona. Ilianzishwa na mwalimu mmoja wa Kibiti, Mndengereko kama mie, aliyekuwa akifundisha walimu wenzake kompyuta. Makundi ya simu tulikuwa nayo, lakini kule delta yalikuwa adhabu. Huyu anatuma video ya mahubiri, yule anatuma video ya mbuzi anacheza muziki, bando limekwisha hata hujajua kikao ni lini. Barua pepe ni maneno matupu. Ilikuwa inapenya hata pale kwenye tangi la maji la shule, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa unatukumbuka, ukisimama upande wa mashariki na kunyanyua mkono.

Ila walimu tunapenda kuandika, jamani! Barua zikawa nyingi, jambo la mtihani limechanganyika na la boti, la boti limechanganyika na la harusi. Ndipo yule mwalimu wa kompyuta akaleta sheria yake ya mabano. Kichwa cha kila barua kianze na neno moja ndani ya mabano ya mraba, kulingana na jambo lenyewe: [MITIHANI], [SAFARI], [UHAMISHO], [MSIBA], [MENGINEYO]. Kisha kila mtu aweke chujio kwenye simu yake. Barua zenye neno analolitaka ziingie kikashani, zilizobaki ziende folda ya pembeni zikae huko, zisimlie bando. Alituita Kibiti Jumamosi nzima kutufundisha, akatueleza kwa mfano wa kifumbu cha kuchujia nazi, kwamba tui linapita na machicha yanabaki. Sisi wa pwani tulimwelewa hapohapo. Walimu wa bara wakauliza kifumbu ni kitu gani, ikabidi mke wake aende jikoni akakilete.

Kuelewa tulielewa. Kutii ndiko kulikokuwa na kazi. Wiki ile ya kwanza vichwa vya barua vilikuja hivi: "Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za tangu juzi, natumaini nyote wazima, [SAFARI]." Akatuandikia kwa ukali, mabano kwanza, salamu baadaye. Mwalimu mmoja mtu mzima wa Ruaruke akamjibu mbele ya orodha nzima kwamba yeye kwao hakufundishwa kuingia nyumba za watu na mabano bila kupiga hodi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu likaja la [MENGINEYO]. Mwalimu yeyote anajua kwamba kwenye kikao mambo matamu yote husubiri mengineyo, basi nusu ya barua zikawa [MENGINEYO], hata matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Mzee wa mabano, maana ndivyo tulivyokuwa tunamwita nyuma ya mgongo wake na baadaye mbele yake, akawa anaturudishia barua kama insha mbovu. Chini anaandika neno moja: "Rudia." Mtu mzima una watoto, una cheti, unaandikiwa Rudia!

Mie lakini nilitii, sikuwa na muda wa michezo. Nikaweka chujio langu kwa jambo moja tu, [UHAMISHO]. Ya mitihani mwalimu mkuu angeniambia, ya boti nilikuwa nayasikia kwa manahodha wenyewe, na harusi za watu zingenisubiri.

Nikatuma tangazo langu, na nililipamba, wallahi. Nikaandika kwamba Maparoni kamba wanaletwa mpaka mlangoni, wali ni wa mpunga wa palepale, vumbi hakuna, upepo ni wa bure na watoto wana adabu. Yote kweli tupu. Ya mbu sikuyaandika, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Majibu yakaja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kisiwa cha jirani, aliyetaka kujua nikishampata mtu wangu, je, mtu huyo ana rafiki? Wa pili akauliza kama umeme upo, nikamjibu kwamba wa jua upo, asionekane tena. Wa tatu akanipongeza kwa Kiswahili kizuri. Waliobaki wote walikuwa watu wa delta wanaotangaza vituo vyao kama mie, kila mmoja na kamba wake na upepo wake. Soko zima wauzaji, mnunuzi hata wa dawa hayupo.

Mwezi wa kumi mzee wa mabano akafiwa na mama yake mzazi.

Kwetu pole haitumwi kwa jumla. Huandiki "naungana na waliotangulia" ukaondoka zako, utaonekana huna utu. Kila mtu anatoa pole yake kwa mkono wake, anamtaja marehemu, anamwombea, na kama naye alishafiwa anasema. Mie nikaandika yangu siku ileile, [MSIBA], nikapiga na simu, nikamsikia sauti imemkauka, nikamwonea huruma kwelikweli. Baada ya hapo pole za wenzangu zikaanza kumiminika, na chujio langu likazichukua zote likazipeleka pembeni kama nilivyoliagiza.

Kikasha changu kikawa kitupu. Natoka darasani, nakwenda kwenye tangi, nanyanyua mkono, hakuna kitu. Kesho hivyohivyo. Hata wale wa kuuliza umeme wakanyamaza. Mwezi wa kumi na moja ukaingia. Nikawa mkali, sifichi. Niligombana na mwalimu mkuu kwa ajili ya boksi la chaki, niligombana na muuza maandazi, nikakaribia kugombana na tangi lenyewe. Mume wangu akinipoza kwenye simu: "Labda Mungu hajapanga, mke wangu." Nikamwambia Mungu nitaongea naye mwenyewe, wewe kaongee na afisa elimu.

Ikafika arobaini ya marehemu. Nikaomba ruhusa, nikapanda boti, nikaenda Kibiti. Nilijua kabisa kwamba nikirudi kule shule zinakaribia kufungwa na mie sina jina la mtu wa kumpelekea afisa elimu. Sikumwambia mtu.

Arobaini ya kwetu huendi kukaa ukapepewa. Nilifunga kanga kiunoni, nikaingia uani kwa akina mama, nikapewa kisu na karai la vitunguu. Wanaume wanapasua kuni upande wa pili. Miongoni mwao alikuwepo mmoja mrefu, mgeni machoni pangu, anashusha shoka kwa nguvu zake zote. Akina mama walikuwa hawamwachi. "Msukuma, pasua polepole, hilo gogo si fahali wa baba yako!" Naye anawajibu kwamba watu wa pwani tusingekuwa na watani tungekula pilau mbichi. Nikacheka na machozi ya vitunguu yananitoka. Mara mke wa mfiwa akaniita: "Mwalimu wa Maparoni, hebu nisogezee hilo sufuria."

Yule bwana akaweka shoka chini.

"Mwalimu wa Maparoni ndiyo wewe?"

"Ndiye mie. Kwani vipi?"

"Aa, basi." Akainama kuokota gogo. "Nilitaka tu kumwona mtu anayeringa hivyo anafananaje."

Ebo! Nikainuka na kisu changu mkononi. "Niringe mie? Niringe kwa lipi? Nimringie nani? Hebu rudia hayo maneno!"

"Nimekuandikia tangu mwezi uliopita, dada. Nimesema mimi niko tayari kuja Maparoni, wewe uje kwangu. Hujanijibu hata 'nimeona'. Nikasema huyu ameshapata mtu wake, au hataki Msukuma alale kwenye nyumba yake."

Nilimwambia hujaniandikia wewe, mie kikasha changu nakiangalia kila siku ya Mungu. Kila neno nilikuwa nalisindikiza kwa kisu hewani, mpaka mama mmoja akanipokonya. Yule bwana akajifuta jasho, akatoa simu, akanipa.

Barua ilikuwa ndefu. Kichwa chake, [MSIBA]. Imeanza kwa pole kwa mfiwa na kwa familia. Ikamwombea marehemu. Ikaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyompoteza mama yake huko visiwani ziwani wakati yuko kazini, akafika amekuta wameshazika, na jinsi alivyokaa na jambo hilo moyoni mpaka leo. Kisha huko chini kabisa, baada ya kila kitu, mistari miwili: "Mwisho, kwa unyenyekevu na kama si vibaya kusema wakati huu, yule mwalimu wa Maparoni aliyeomba kubadilishana kituo, mimi niko Mtawanya na nipo tayari. Nimekulia kisiwani, nimechoka kuishi mbali na maji."

Mtawanya! Kutoka Mtawanya mpaka nyumbani kwangu Kibiti ni pikipiki tu, tena bado hujatulia vizuri kwenye siti umefika. Nilisoma tena kwa sauti. Mama mmoja akapiga kigelegele, akakumbuka yuko kwenye arobaini, akajiziba mdomo kwa kanga. Wengine wakaanza kusema kumbe hata wao walikuwa wameiona ile barua, wakadhani nimeshaiona na mie, na nani angeanza kujibizana mambo ya vituo vya kazi katikati ya pole?

Kelele zikamtoa mzee wa mabano ndani, na kanzu yake na baraghashia. Tukamweleza. Akapokea simu, akatazama kile kichwa cha barua, na hata kama alikuwa mfiwa, ualimu ukamzidi.

"Lakini mwalimu," akamwambia Msukuma, "hizi zilitakiwa ziwe barua mbili. Hii [MSIBA], na hii [UHAMISHO]. Ningekuwa katika hali yangu ningekurudishia."

"Ungekuwa katika hali yako nisingeandika hivyo, mzee wangu. Mama yako alikuwa hana hata wiki kaburini. Mimi nifungue barua mpya hapohapo, niweke mabano, niseme nataka nyumba Maparoni? Kwetu ukiwa na shida yako na umekuta msiba, unalia kwanza na wenzako. Ukishaaga ndipo unaisema, taratibu, pale mlangoni."

"Hata kwetu," akasema mke wa mfiwa.

"Hata kwetu," wakaitikia akina mama, na mie nimo, ingawa jambo lenyewe ndilo lililotaka kunitoa roho.

Mzee wa mabano akaipandisha ile barua mpaka juu kwenye simu, akaanza kuisoma tangu mwanzo. Akakaa kwenye kigoda. Alipofika pale kwa mama wa visiwani akavua miwani. Akasema yeye mwenyewe hizo pole hajasoma hata moja, aliziacha pembeni, hakuweza. Msukuma akaenda akachuchumaa kando yake, na wale wawili wakakaa hivyo, na sisi tukarudi kwenye vitunguu vyetu ili wasione kwamba tunawaona.

Mie lakini vitunguu havikumenyeka. Msukuma aliposimama tu nikamfuata. "Na sasa? Bado upo tayari, au umeshapata pengine?"

"Nimeandika barua ya kuomba kurudi mkoani kwetu," akasema. "Jumatatu naipeleka."

Nikageuka kurudi kwenye vitunguu vyangu.

"Ila bado haijaenda," akaongeza. Akanitazama. "Hao kamba wanaletwa mlangoni kweli?"

"Kweli."

"Na mbu?"

Akina mama wote wakageuka kunitazama. "Wapo," nikasema.

"Wengi?"

"Wengi, mtani. Wallahi ni wengi."

Akacheka, akasema hata ziwani wapo, na angalau kwa hawa wa Maparoni ameshakaribishwa kwa ukweli. Jumatatu tulikwenda pamoja kwa afisa elimu, kila mmoja na barua yake, naye akazisaini zote mbili na kutuambia tumewahi. Nilitoka pale nje nikamkumbatia Msukuma wa watu mbele ya ofisi za serikali, na mume wangu amesimama na pikipiki yake anatutazama, akabaki kucheka tu.

Ubishi wenyewe haujaisha mpaka leo. Mie nasema kosa ni la chujio, mzee wa mabano anasema kosa ni la Msukuma, na Msukuma anatuandikia kutoka Maparoni kwamba sisi wote wawili hatukulelewa. Mwisho mzee wa mabano alisalimu amri akatunga mabano mapya, [POLE NA OMBI], na hivi ninavyoandika hakuna mabano yanayotumika kuliko hayo. Watu wanatoa pole ya mafua ili waombe lifti ya boti.

Nilihama mwezi wa kumi na mbili, na godoro langu, masufuria, na kuku wawili waliopiga kelele toka Maparoni mpaka Kibiti. Mtoto alinipokea vizuri, akala na mie, akalala na mie, kama siku zote nikija mwisho wa mwezi. Jumapili asubuhi nimekaa kibarazani nachambua mboga, nikamwona anatoka ndani anaburura begi langu. Akaliweka mlangoni. Akarudi ndani, akaja na viatu vyangu vya safari, akavipanga mbele yangu, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto.

"Gari litakuacha," akaniambia.

"Siendi."

Akafikiri. "Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi leo, na kesho siendi. Nimehamia hapa."

Akanitazama usoni kwa muda, kama anayepima kama namdanganya. Akachukua viatu akavirudisha ndani, nikamsikia anavisukuma chini ya kitanda mpaka mwisho kabisa. Akaja akaburura na begi. Halafu akatoka, akaja akakaa juu ya miguu yangu kwa uzito wake wote, akanipa mgongo, akaanza kunisaidia kuchambua mboga.